Gari la Milimani Katika Foleni ya Tunduma

Ndugu msomaji, kama umewahi kufika Tunduma kwa barabara, huna haja ya kuelezwa foleni ni nini. Malori yamepangana kichwa kwa mkia kuelekea mpakani, mengi yamezimwa injini. Utingo amewasha jiko chini ya trela na chai inachemka. Mama wa ndizi anapita na beseni lake kichwani kana kwamba yuko sokoni, na kwa kweli yuko sokoni, maana foleni ikikaa siku mbili hugeuka soko.

Mimi huipita foleni hiyo asubuhi na jioni, siku sita za juma, nikiendesha Land Cruiser ndefu ya mwaka 1996. Ni ya dizeli, ni ya gia za mkono, na ina ule mkonga mweusi uliopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Watoto wangu walipokuwa wadogo walidhani ni bomba la moshi. Kumbe ni pua: huvutia injini hewa kutoka juu, mbali na vumbi na maji. Vijana wa bodaboda wa njia panda ya Mpemba wamenipa jina la Mama Mkonga, nami siku hizi naitika.

Watu huniuliza maswali mawili. La kwanza huulizwa kwa kicheko: mama, unaliwezaje dude hilo? La pili huulizwa kwa sauti ya chini, aghalabu na akina mama wenzangu tukitoka kanisani: kwa nini msiliuze, mkanunua gari dogo la otomatiki? Swali la kwanza nina jibu lake. La pili limeninyima usingizi kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Jinsi nilivyokabidhiwa funguo

Mume wangu ndiye aliyelinunua gari hili na kulizoea. Kazi yake ilikuwa kununua maharage na mahindi kwa wakulima wa Ileje, huko milimani, na mimi kuyauza dukani Tunduma. Mwanzoni mwa mwaka 2023 pikipiki ilimgonga akivuka barabara, goti la kushoto likavunjika. Akafanyiwa upasuaji, akakaa ndani, akatembea na magongo, kisha na fimbo. Goti likakubali kutembea polepole, lakini lilikataa kusukuma kitu kwa nguvu. Ninyi mnaoendesha mmekwisha kuelewa. Mguu wa kushoto ndio mguu wa klachi.

Leseni nilikuwa nayo tangu kabla sijaolewa. Kuwa na leseni na kujua kuendesha ni mambo mawili, na kujua kuendesha gari dogo la shemeji siku ya harusi ni jambo la tatu. Basi ikawa jioni baada ya jioni, mume wangu ameketi kiti cha kushoto, mguu ameunyoosha, fimbo katikati ya magoti, na mimi nimeshika usukani uliokuwa mkubwa kuliko sinia la pilau.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilinishangaza. Alinikataza kukanyaga mafuta. "Mama, weka gia ya kwanza, achia klachi taratibu, mafuta usiyaguse." Nikaachia. Gari zito lile, zaidi ya tani mbili, likaanza kutembea lenyewe kama ng'ombe aliyeamshwa. Injini ya dizeli ya namna hii, ya lita 4.2 na silinda sita, ina nguvu tangu inaponguruma tu. Tulizunguka uwanja jioni nzima bila mimi kugusa mafuta. Nilijifunza kwa mguu mahali ambapo klachi huanza kushika. Unausikia mlio wa injini ukishuka kidogo na unaona boneti ikijiinua kama mtu anayetaka kusimama. Hapo ndipo siri yote ilipo. Anayepajua mahali hapo hata gizani atapanda mlima wowote, na asiyepajua atayumba hata kwenye uwanja wa mpira.

Mume wangu hakuwa akiangalia mikono yangu. Alikuwa akisikiliza. Nikichelewa kubadili gia husema tu, "Inakuita." Nikiwahi mno husema, "Inakohoa." Mwezi wa pili nilianza kusikia mwenyewe.

Kosa nililolifanya Jumapili moja nalisimulia ili mwenzangu usilirudie. Nilivaa sketi ya kitenge ya kubana. Kufika penye foleni, malori mawili kushoto na kulia, nataka kuinua mguu nikanyage klachi na breki kwa pamoja, mguu hauinuki. Gari likaruka mara moja likazima, nalo limekaa mshazari katikati ya njia. Honi zikaanza. Utingo mmoja akashuka, akasimama mbele ya lori la bosi wake ameinua mikono yote miwili, akalisimamisha. Akaniambia, "Washa polepole mama, hawana pa kwenda." Tangu siku hiyo vazi langu la kuendeshea ni pana, nalo kanga hulifunga vizuri lisije likanasa kwenye mkono wa gia. Chini ya kiti nina viatu vya ngozi visivyo na kisigino. Ndala ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, kwani huteleza ikajikunja chini ya kanyagio.

Na kiti kisogeze. Kina mama wengi huendesha wameketi mbali, kwa kuwa kiti kiliwekwa kwa kipimo cha baba. Klachi ikikanyagwa hadi mwisho goti lako bado liwe limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, jioni mgongo utakudai.

Kwa nini magari haya yapo kwetu

Mgeni huweza kudhani tunayapenda kwa fahari. Fahari ipo, sikatai. Ila kuna historia pia. Utawala wa walowezi wa Rhodesia ulipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini, na mafuta yake yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia hapa kwetu, zaidi ya kilometa 900 hadi mpakani, kwenye barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa mvua. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikaja miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Lakini lami ile ilikuwa utepe mmoja tu. Ukiiacha kwa hatua mia moja kuingia Mbozi, Momba au Ileje, ulirudi kwenye udongo. Mmisionari, bwana shamba, daktari, wote walitembea kwa Land Rover, na baadaye Land Cruiser. Toyota ilianza kuunda Land Cruiser hizi za mfululizo wa 70 mwaka 1984, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo, ndiyo maana fundi wa Vwawa anaifahamu kama anavyofahamu baiskeli.

Mji nao ukakua. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa, Tunduma ilikuwa tayari imejaa biashara ya watu wa Zambia, Kongo na kwetu. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho humwezesha msafirishaji kumaliza shughuli za nchi mbili mahali pamoja, kilizinduliwa Oktoba 2019. Kimesaidia, ila foleni bado hurudi. Lori moja likiharibika, au upande mmoja wa mpaka ukipunguza kasi, siku ya pili mkia wa foleni umekwisha kuwa mrefu. Sisi wenye safari fupi hushuka lami, tukapenya mitaa ya Sogea na Majengo kwenye udongo, mitaro na makorongo. Katika mji mwingine gari la fowili hutumika kijijini tu. Kwetu hutumika kwenda kununua mkate, foleni ikikaa vibaya.

Klachi si mahali pa kupumzishia mguu

Nilipolichukua gari, klachi ilikuwa nzima. Miezi saba baadaye ikaanza kuteleza. Dalili zake ni hizi: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, lakini mwendo hauongezeki. Kisha inakuja harufu, kama nywele zilizoungua. Fundi aliposhusha gia boksi akanionyesha klachi pleti, imelika hadi kwenye ribiti. Gharama ya pleti, presha pleti, beringi na kazi yake ilikuwa sawa na ada ya muhula mzima ya mtoto mmoja. Nililia palepale gereji, sioni aibu kusema.

Fundi hakunilaumu. Aliniuliza swali moja: "Mama, kwenye foleni mguu wako unakaa wapi?" Nikamwonyesha. Ulikuwa unakaa juu ya klachi, siku nzima.

Basi nikafundishwa upya. Foleni ikisimama, weka gia huru, vuta breki ya mkono, toa mguu kabisa uuweke chini. Usikae umekanyaga klachi na gia ikiwa ndani, kwa maana unailisha beringi. Usilishikilie gari kwenye mwinuko kwa kuicheza klachi nusu nusu. Breki ya mkono imewekwa kwa ajili hiyo. Na lori la mbele likisogea mita moja, usikimbilie hiyo mita. Ngoja zifike mita kumi, ndipo uende mara moja kwa gia ya kwanza, mguu umetoka. Walio nyuma watapiga honi. Waache wapige, klachi hawatakununulia wao.

Kisha akanipa ujuzi ambao hata mume wangu hakuwa nao. Gari letu lina mkono mdogo wa pili kando ya mkono wa gia. Huo ndio unaochagua fowili na gia nzito. Kwenye vikombe vya magurudumu ya mbele kuna hubu, ambazo huzungushwa kwa vidole: zikifungwa, magurudumu ya mbele hufanya kazi, zikifunguliwa, huzunguka bure. Fundi akasema, acha hubu wazi, simamisha gari, kisha weka mkono mdogo kwenye gia nzito. Sasa magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo yanayosukuma, na gari linatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, mguu wa kushoto ukiwa umepumzika. Nilijaribu kesho yake, foleni ikiwa imefika Chapwa. Nilitambaa saa nzima na nikaikanyaga klachi mara chache kuliko ninavyokanyaga kwenye kona tatu za mjini.

Lakini angalia, hilo ni kwa hubu zilizofunguliwa. Ukizifunga, ukaweka fowili kwenye lami kavu, kisha ukakata kona, utaharibu. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na gari la namna hii halina kitu cha kugawanya tofauti hiyo kati ya mbele na nyuma. Kwenye tope tairi huteleza kidogo mambo yakaisha. Kwenye lami haziwezi, hivyo usukani huwa mzito, tairi hulia, na gia na mashafti ndiyo yanayoumia.

Jambo jingine ni kuteremka. Tukienda Mbeya tunapita Mlima Senjele, ambao kila mkazi wa Mbozi anajua ajali zake za malori. Hapo ndipo gia za mkono zinapokuwa rafiki. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Injini italizuia gari, nawe breki utazigusa kwa kipimo tu, zikae baridi kwa wakati utakapozihitaji. Ukiona mtu anashuka na gia huru ili aokoe dizeli, mwache atangulie mbali.

Kile ambacho gari refu linaficha

Hapa naomba tutulie kidogo. Ukikaa juu ya gari hili unajiona uko salama. Unaona mbele ya daladala na bajaji, unaona mashimo mapema, na watu wanakupisha. Usalama huo una upande wa pili.

Asubuhi moja ya mwezi Julai, wakati wa baridi, niliwasha gari mapema. Magari haya asubuhi za baridi yanataka subira: unafungua swichi, unangoja taa ya hita izime, ndipo unawasha. Kisha unaliacha lingurume. Nilikuwa nimekwisha kuweka rivasi nitoke uani. Sijui ni nini kilichonishusha. Nadhani nilisahau kitabu cha hesabu ndani. Niliposhuka nikapita nyuma ya gari, nikamkuta mtoto wa jirani, ambaye hajafika miaka miwili, ameketi chini karibu kabisa na tairi la nyuma anapanga vizibo vya soda. Alifuata joto la moshi. Kwenye kioo hakuwapo. Kwenye dirisha la nyuma asingeonekana, kwani alikuwa chini kuliko bampa.

Nilimbeba nikampeleka kwa mama yake na sikuweza kusema neno. Siku hiyo sikuendesha.

Tangu hapo siingii ndani bila kulizunguka gari lote kwa miguu, hata kama mvua inanyesha, hata kama nimechelewa. Watoto wangu wakiwa nyumbani, mmoja husimama barazani nimwone kwa macho yangu kabla sijatoa rivasi. Mbele pia kuna upofu: boneti ni ndefu na iko juu, na mtoto wa shule anaweza kupita puani kwa gari usimwone. Kwa malori nayo nimejiwekea sheria. Nisipomwona dereva wa lori kwenye kioo chake, naye hanioni, kwa hiyo sikai ubavuni kwake hata dakika moja.

Viti vya nyuma ni jambo jingine. Land Cruiser ndefu za zamani zina mabenchi mawili yanayotazamana, na watu huzipenda kwa kuwa zinabeba ukoo mzima. Mtoto aliyeketi kiubavu, bila mkanda, gari likifunga breki ghafla hana cha kumzuia. Sisi tulitoa benchi moja, tukamlipa fundi wa kuchomelea afunge kiti kinachotazama mbele chenye mikanda mitatu, kimeshikwa kwa bolti na vyuma chini ya sakafu. Tulichelewa kununua televisheni kwa ajili ya kiti hicho. Watoto walinung'unika juma moja.

Hesabu za daftari

Sasa nirudi kwenye lile swali la pili, la kuuza.

Mimi ni mfanyabiashara, naamini daftari. Januari hadi Machi 2024, miezi ya mvua nyingi, niliandika kila siku gari lilikwenda wapi na lilikunywa nini. Mjini, kwa foleni zetu, lilinipa kilometa 7 kwa lita. Barabara kuu ikiwa tupu, 9. Jirani yangu mwenye gari dogo la otomatiki anapata 13, naye huendesha huku anakula karanga, mkono mmoja. Katika siku 78 za kazi, siku nilizofunga hubu na kuhitaji fowili kweli kweli zilikuwa 11. Siku 67 nilikuwa nimepanda gari la milimani kwenda shule, dukani, na mara tatu kwa juma kumpeleka mume wangu kwenye mazoezi ya viungo.

Zaidi ya hayo, barabara ya Mpemba hadi Isongole, ambayo zamani ilikuwa ikitugharimu springi kila mwaka, sasa ni ya lami. Hoja yetu ya tope imepungua.

Kwa daftari hilo peke yake, gari lingeuzwa kesho. Na nasema wazi: mwenzangu, kama safari zako ni za mjini tu, usijitese. Gari la otomatiki kwenye foleni ni rehema. Wale wanaosema otomatiki si gari la kweli hawajakaa Tunduma saa tatu na mguu mmoja hewani. Zamani tuliogopa kwamba gia boksi zake hazina mafundi. Siku hizi mafundi wapo, muhimu ni kuwekea oili inayotakiwa na kwa wakati.

Lakini zile siku 11 nazo zina daftari lake. Ndizo siku nilizoiacha lami nikapanda hadi kwenye vijiji vya juu, kama vile vya upande wa Ibaba, nikanunua maharage kwa mkulima mwenyewe mlangoni pake, wakati malori ya walanguzi yameshindwa kupanda. Mkulima alipata bei nzuri kuliko ya mlanguzi, nami nikapata nafuu kuliko bei ya soko. Ada za watoto wawili zilitoka hapo. Nilijaribu kuuliza bei ya kukodi gari kwa siku hizo tu. Kiangazi wanakubali kwa furaha. Mvua ikinyesha wanataja bei ya kukufukuza.

Mzani ungekuwa sawasawa, laiti si goti.

Maana gari la otomatiki lina makanyagio mawili tu, na yote ni ya mguu wa kulia. Tukiuza Land Cruiser, mume wangu ataendesha tena. Daktari amekwisha kusema mguu wa kulia hauna shida. Atakwenda mwenyewe mazoezini, atawapeleka watoto, atakwenda kuwatembelea wazee Mlowo bila kunisubiri nifunge duka. Mwanamume aliyezoea kuondoka alfajiri sasa hukaa barazani akihesabu malori, akisikia sauti ya gari lake linarudi kutoka mbali, anajua kwa mlio kama siku yangu ilikuwa njema. Shemeji zangu walisema hilo bila kunificha: unamnyima kaka yetu miguu kwa ajili ya magunia ya maharage. Maneno hayo yalinichoma kwa sababu nusu yake ni kweli.

Nilimpelekea mwenyewe suala hili jioni moja, watoto wamelala. Nikamwekea daftari mbele. Alilisoma lote, akarudia ukurasa wa Februari. Akaniuliza, "Na zile siku kumi na moja, utakwenda na nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi na mimi sijui." Akafunga daftari, akanirudishia. Lakini juma lile lile, kwa shingo upande, alikubali nimtafute mnunuzi. Akapatikana mmoja wa Vwawa, mtu wa kahawa, akasema atakuja Jumatatu alfajiri kulitazama.

Jumapili kabla ya mapambazuko niliamka kuwasha moto, nikasikia sauti uani. Si injini. Ni sauti ya chuma kikisukumwa na kurudi, kikisukumwa na kurudi. Nilichungulia dirishani. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, fimbo ameiegemeza kwenye mkonga, gari limezimwa. Alikuwa anakanyaga klachi. Anaisukuma hadi mwisho, anaishikilia, anaiachia polepole, anapumzika. Nikamhesabia bila yeye kujua. Ilipofika kumi na saba akaacha, akashika goti kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwenye usukani. Baada ya muda akaanza tena.

Nilirudi jikoni nikabandika maji ya chai. Kisha nikachukua simu nikamwandikia yule mtu wa Vwawa kwamba Jumatatu asije, tutazungumza baada ya mvua.